Bei Haina Miguu

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, yaani EPRA, hutoa tangazo fupi. Ndani yake mna majina ya miji na tarakimu za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hizo huanza kutumika usiku wa manane na hukaa mwezi mzima. Sidhani kuna andiko jingine Kenya hii linalosubiriwa kwa hamu namna hiyo. Hutawakuta watu steji wakibishana kuhusu riwaya iliyotoka juzi, lakini tangazo la tarehe 14 utamkuta makanga, mama mboga na mwanafunzi wa chuo wakilichambua pamoja, tena bila kupewa maswali ya marudio.

Hapa tumezoea kuhakiki vitabu. Leo mnivumilie nihakiki tangazo hilo. Nina sababu. Lilikivunja chama chetu cha wasomaji, na tangu hapo nina neno nalo.

Chama chenyewe kilikuwa kidogo. Tulikutana Jumamosi mbili kwa mwezi katika chumba cha juu cha mkahawa mmoja mjini Nairobi. Mwenye mkahawa alituachia meza kwa sharti kwamba kila mtu anunue angalau chai, nasi tukaifanya chai moja idumu saa tatu. Tulianza watu kumi na watatu. Walitoka Githurai, Kayole, Rongai na Kitengela. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alitoka Thika, na kwa kawaida ndiye aliyefika wa kwanza. Mwaka 2023 tulikuwa tunarudia Siku Njema ya Ken Walibora, ile riwaya ambamo Kongowea Mswahili anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kufikia Desemba tulikuwa tumebaki watano, na sote watano ni watu wanaoweza kufika mjini kwa miguu.

Hakuna aliyeaga. Walikuwa wakituma ujumbe tu: "Wiki hii sitaweza, mwalimu, tuonane ijayo." Ijayo ikawa haiji. Yule mama wa Thika alinipigia simu, maana wa rika lake hawaagi kwa ujumbe. Akaniambia, "Mwanangu, pensheni yangu imeishiwa na mafuta." Tukacheka. Nilipokata simu nikawaza: Kongowea amevuka mpaka wa nchi mbili kumtafuta baba, sisi tumeshindwa kuvuka Thika Road kumtafuta Kongowea.

Sasa turudi kwenye maandiko yenyewe, tuyapange kwa tarehe kama wahakiki wazuri.

Rais William Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022. Kesho yake tangazo likatoka: ruzuku ya petroli imeondolewa, na lita moja jijini Nairobi imetoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Julai 2023, Sheria ya Fedha ikaongeza VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kumbukeni kwamba VAT hiyo ya 16 ilijaribiwa Septemba 2018, nchi ikapiga kelele, ikateremshwa hadi 8 mwezi uo huo. Miaka mitano baadaye ikarudi, na safari hii ikakaa.

Kisha ukaja Septemba 2023. Nairobi iliandaa Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi pale KICC. Rais alifika akiendesha mwenyewe kigari kidogo cha umeme, cha manjano. Picha ilizunguka dunia, na nakiri ilikuwa picha nzuri. Hata mimi niliituma kwa marafiki. Tarehe 6 mkutano ukafungwa kwa Azimio la Nairobi, lililoitaka dunia ifikirie kodi ya kaboni. Tarehe 14, siku nane baadaye, tangazo likatoka kama kawaida: petroli 211.64, dizeli 200.99, mafuta ya taa 202.61. Zote tatu zilikuwa zimevuka mia mbili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Oktoba petroli ikafika 217.36.

Hii ingekuwa riwaya, mhariri angemrudishia mwandishi mswada na kumwambia: ndugu, hii sadfa imezidi, msomaji hataamini.

Jirani yangu ni mwendesha boda boda. Yeye aliisoma tarakimu ya 211.64 kwa namna ambayo mimi, mwenye shahada ya fasihi, sikuiona. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nanunua mafuta ya mia mbili. Asubuhi ya mia mbili, mchana nikipata kitu naongeza. Tangi sijawahi jaza tangu ninunue hii pikipiki. Sasa leo mia mbili haitoshi lita moja." Hiyo ndiyo maana ya tangazo lile. Noti nzima ya mia mbili ilishindwa kununua lita moja. Nimefundisha maana ya picha na maana ya msingi kwa miaka mingi, na sijapata mfano ulio wazi kuliko huo.

Hapo ndipo wenzangu wengine, hasa wale wa mitandaoni wenye magari, huniambia: lakini si ndiyo tunataka? Mafuta yakiwa ghali watu watayaacha, hewa itasafika. Wewe si ndiye unayelalamika kila siku kuhusu moshi?

Kweli, mimi ndiye. Darasa langu liko kando ya barabara, na kitambaa ninachofutia dirisha asubuhi huwa cheusi kufikia saa nne. Wapo watoto wanaokohoa mwaka mzima. Siutetei moshi, na sijawahi kuamini kwamba mafuta rahisi ni haki ya binadamu. Tena nawaambia wasanii wenzangu wanaoimba "shusha bei, shusha bei" kana kwamba hapo ndipo hadithi inapoishia: fanyeni hesabu. Ruzuku ya shilingi 20 kwa lita humpa mwenye Prado anayejaza lita 80 zawadi ya shilingi 1,600 kwa mkupuo mmoja. Jirani yangu wa lita moja hupata 20. Ruzuku ya aina hiyo ni harambee ambayo maskini anachangia na tajiri anakula. Na mwisho wa siku sote tunaendelea kuvuta moshi ule ule.

Kwa hiyo sigombani na bei kuwa juu. Nagombana na bei iliyo juu isiyompeleka mtu popote. Bei ni fimbo. Mchungaji humchapa ng'ombe kumwelekeza langoni. Ukimchapa ng'ombe ndani ya zizi lililofungwa pande zote, humwelekezi, unamchapa tu. Hata ukimwambia kwamba ni kwa faida ya malisho ya vizazi vijavyo, bado ni kipigo.

Hebu tuangalie malango.

Mwaka 2018 ulichorwa mstari mwekundu kwenye Thika Road. Tukaambiwa hii ndiyo njia ya mabasi ya kasi, magari mengine yakae mbali. Mstari ulichorwa, mabasi hayakuja. Tangu hapo mvua na magurudumu vimeufuta kidogo kidogo. Jijini Dar es Salaam mwendokasi ulianza kubeba abiria Mei 2016. Una matatizo yake, msongamano na foleni na malalamiko kila uchao, lakini Mdar anapolalamika analilalamikia basi lililopo. Sisi tunalalamikia rangi. Wakati huo huo barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikamilika na kufunguliwa mwaka 2022. Hivyo hatuwezi kuambiwa kwamba nchi hii haijui kujenga. Ni suala la nani anajengewa kwanza.

Lango la pili ni umeme. Hapa Kenya ina bahati ambayo mataifa mengi makubwa yanaiota. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Mitambo ya upepo ya Turkana pekee ina uwezo wa megawati 310. Lakini usiku, nchi ikilala na taa zikizimwa, matumizi hushuka, na sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Hebu ifikirieni picha hiyo. Saa nane za usiku kawi safi inapuliziwa nyota. Saa kumi na moja alfajiri jirani yangu amepanga foleni kununua petroli iliyokuja kwa meli kutoka Ghuba, kwa noti isiyotosha lita.

Serikali itasema imefanya jambo, nami sitaficha. Mwaka 2019 ushuru wa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 ikawekwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Pikipiki za umeme zipo Nairobi, naziona zikipita kimya kama paka. Nilimuuliza jirani kwa nini hajahamia huko. Jibu lake lingefaa kusomwa bungeni: "Hiyo ya umeme ni poa, mwalimu. Haina kelele, haina oili ya kumwaga kila mara. Lakini hii yangu nimechukua kwa mkopo, nalipa kila siku, bado miezi minane. Niiache na deni lake nimwachie nani? Mama watoto?"

Mnaona pengo lilipo? Sera imeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua pikipiki ya kwanza akiwa na pesa mkononi. Haimjui mtu ambaye tayari ana pikipiki na deni. Msamaha wa ushuru kwenye chombo kipya haumsaidii anayefungwa na chombo cha zamani. Kitakachomfungulia zizi ni mpango wa kumnunulia deni lake: lete pikipiki ya petroli na salio la mkopo, chukua ya umeme, uendelee kulipa kiasi kile kile. Hapo bei ya mafuta ingekuwa fimbo yenye lango. Lakini mpango wa namna hiyo hauingii kwenye picha vizuri kama kigari cha manjano.

Na msiniambie kwamba usafi wa hewa hauwezekani bila kumkamua mwananchi. Tumeshaufanya mara mbili. Petroli tuliyokuwa tukichoma zamani ilitiwa madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, liliongoza kampeni kuanzia mwaka 2002, na kufikia Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Nchi ya mwisho duniani kuiacha, Algeria, ilifanya hivyo mwaka 2021. Kisha Januari 2015 Afrika Mashariki ikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Je, mnakumbuka mkihubiriwa mbadilishe tabia? Mnakumbuka dereva wa matatu akiambiwa ajitolee kwa ajili ya sayari? Hapana. Serikali ziliweka tarehe, zikawaamuru wanaoagiza na wanaosafisha mafuta, na siku ikafika. Watoto waliozaliwa baadaye hawajui hata kwamba waliokolewa. Hiyo ndiyo sera. Ilianzia juu bombani. Haikuanzia mfukoni mwa mtu wa steji.

Sasa nifike kwenye kazi yangu, ambayo ni lugha.

Tangazo la EPRA huandikwa kwa Kiingereza, lakini sisi wengi hulipata redioni kwa Kiswahili, na redioni lina sentensi moja maarufu: "Bei ya mafuta imepanda." Sentensi hiyo nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuitilia shaka. Siku hizi inanikera kama jiwe kwenye mchele. Imepanda? Imepanda vipi? Bei haina miguu. Mbuzi hupanda kichuguu. Mtoto hupanda mwembe. Bei hupandishwa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa kwa kazi hiyo hasa, na kauli hiyo huacha kiti kwa mtenda: imepandishwa na nani? Ukisema "imepanda" umekiondoa kiti. Hakuna wa kuulizwa. Bei inakuwa kama mvua au kiangazi, jambo la Mungu.

Niwe mwadilifu. Sehemu ya bei kweli hupanda yenyewe, kwa maana ya kwamba hakuna mtu Nairobi aliyeamua. Bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi mbele ya dola, gharama ya meli. Hapo "imepanda" naikubali, shingo upande. Lakini juu ya sehemu hiyo kuna rundo: ushuru wa bidhaa, tozo ya matengenezo ya barabara, tozo ya maendeleo ya petroli, tozo ya reli, ada ya uagizaji, na VAT. Kila moja ina mtu aliyeitia sahihi. Tozo ya maendeleo ya petroli ilitolewa senti 40 hadi shilingi 5.40 mwaka 2020. Hiyo haikupanda, ilipandishwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni Julai 2024. Tarehe 25 Juni vijana walikuwa wamejaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ule ambao mwanzoni ulikuwa na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi mswada. Kabla matanga hayajaisha, tozo ya matengenezo ya barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Na unajua tangazo la tarehe 14 Julai lilisomwaje? Bei imeshuka. Kweli, petroli Nairobi iliteremka kwa shilingi moja, ikawa 188.84. Soko la dunia lilikuwa limeshuka, na tozo mpya ikajificha chini ya kivuli chake. Sarufi ilifanya kazi ambayo askari hawakuweza kuifanya: ilitunyamazisha. Nani ataandamana kwa sababu bei imeshuka?

Ndiyo maana nasema hili ni suala la fasihi pia, wala msiniambie nimepotea njia. Mtu asiyemtaja mtenda hawezi kumdai. Neno "kawi safi" nalo nalishuku kwa sababu iyo hiyo. Safi kwa nani? Siku hizi kila tozo ikizuliwa huvishwa kanzu ya mazingira, na ukiipinga unaambiwa wewe ni adui wa miti. Mimi si adui wa miti. Nataka tu kujua shilingi saba za tozo zimenunua basi gani, zimeweka kituo gani cha kubadilishia betri, zimemfutia nani deni la pikipiki inayotoa moshi. Kama hazijanunua chochote cha namna hiyo, basi iitwe kodi ya mapato ya serikali, tuigombee kama kodi, na neno "safi" lipumzike.

Mtanisamehe mkiona nadai kidogo. Sidai bei ishuke kesho. Nadai tangazo la tarehe 14 liwe na safu mbili. Ya kwanza ya kilichopanda, ya pili ya kilichopandishwa, na mbele ya kila tozo kuwe na mstari mmoja unaosema pesa za mwezi uliopita zilikwenda wapi. Mtu mwenye subira anaweza kuzikusanya tozo hizo moja moja leo, lakini tangazo haliandikiwi watu wenye subira. Linasomwa na mtu aliyeshika noti ya mia mbili. Nadai vilevile kwamba wakati mwingine kiongozi akitaka kupigwa picha akiwa ndani ya chombo cha umeme, apande basi, asimame, ashike chuma kama sisi, kutoka Githurai hadi mjini. Basi lenyewe likikosekana, hilo nalo litakuwa jibu.

Chama chetu bado kipo, wale watano. Majuzi jirani yangu wa boda alinipeleka huko maana nilikuwa nimechelewa, akaona kitabu mkononi, akaniuliza kinahusu nini. Nikamweleza habari za Kongowea, Tanga, Mombasa, Kitale. Akasikiliza hadi mwisho, akazima pikipiki, akauliza, "Na nauli alitoa wapi?"

Nimehakiki riwaya ile mara nyingi, nimeifundisha, nimeiandikia maswali. Swali hilo sikuwahi kuliuliza. Nililiuliza siku hiyo mezani, tukalijadili kutwa nzima, na nikatamani sana yule mama wa Thika angekuwapo, maana angekuwa na jambo la kusema.

Tarehe 14 ijayo nitakaa na redio na kalamu nyekundu. Mtangazaji akisema "imepanda", nitafanya kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nitazungushia duara, kisha nitaandika pembeni: taja mtenda.